Kreatinini yangu imefika 129 baada ya kutumia unga wa kreatini: je, figo zimeharibika?

Kijana wa Kirumba (mleta uzi)

Wanajukwaa, salaamu. Nina miaka 34, ninaishi Mwanza, na kwa mwaka mmoja na nusu sasa nimekuwa nikinyanyua vyuma mara nne kwa wiki. Miezi miwili iliyopita nilianza kutumia unga wa kreatini: wiki ya kwanza gramu 20 kwa siku kama kopo lilivyoelekeza, kisha nikashuka hadi gramu 5. Nguvu zimeongezeka na uzito umepanda kilo mbili. Wiki iliyopita nilipimwa afya kwa ajili ya ajira mpya, na majibu yakaonyesha kreatinini ya mikromoli 129 kwa lita, ilhali kikomo cha maabara hiyo ni 115, pamoja na kasi ya uchujaji wa figo (yaani uwezo wa figo kusafisha damu, na ikishuka ni dalili mbaya) iliyokadiriwa kuwa 64. Aliyenisomea majibu hakuniuliza ninatumia nini. Alisema tu kwamba figo zimeanza kuchoka, nami tangu siku hiyo nalala usingizi wa mang'amung'amu.

Jambo la pili linamhusu baba yangu, mwenye miaka 68. Ana kisukari cha muda mrefu, na miguu yake imepungua nguvu kiasi kwamba kuinuka kitini ni kazi. Ameona misuli yangu na anaomba naye apewe unga huo. Nimpe? Na mimi niendelee, au nilitupe kopo?

Kocha Mstaafu

Mkuu, usilitupe bado. Unga huu umepakwa matope kwa kufananishwa na dawa za homoni, ilhali haumo kwenye orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku michezoni. Mwili wenyewe huutengeneza, na mwingine tunaupata kwenye nyama na samaki. Wewe wa Mwanza umeanza kuula tangu utotoni kwenye sato na sangara. Asiyekula nyama wala samaki ndiye mwenye akiba ndogo zaidi misulini, kwa sababu maharage na dengu hazina kreatini. Kazi yake ni kurudisha haraka nishati ya msuli katika zile sekunde chache za kunyanyua uzito au kukimbia kwa kasi kubwa, kwa hiyo mkimbiaji wa marathoni hataona tofauti kubwa. Kilo mbili ulizopata haraka hivyo, nyingi ni maji yaliyoingia misulini. Gramu 20 za wiki ya kwanza hazikuwa za lazima pia, kwa kuwa gramu 3 hadi 5 kwa siku hukufikisha palepale baada ya takriban wiki nne, na kopo linadumu zaidi.

Mpimaji

Mimi ni mtaalamu wa maabara, na ningependa kwanza tutenganishe maneno mawili yanayofanana. Kreatini ndiyo inayofanya kazi ndani ya msuli. Kreatinini ni masalia yake. Kila siku kati ya asilimia 1 na 2 ya kreatini ya mwilini hugeuka yenyewe kuwa kreatinini, ikaingia kwenye damu, na figo zikaitoa kwa mkojo. Ndiyo maana tunaipima: ikijazana kwenye damu, tunashuku kwamba mlango wa kutokea umeziba. Lakini inaweza pia kujazana kwa sababu inazalishwa kwa wingi, na kipimo chenyewe hakina uwezo wa kutofautisha hali hizo mbili. Ile 64 uliyoandikiwa haikupimwa. Ilikokotolewa kutokana na hiyo 129, umri na jinsia yako. Niulize swali moja: jioni ya kuamkia kipimo ulikula nini?

Kijana wa Kirumba

Nyama choma, ndugu Mpimaji, na si kidogo. Tulikuwa tunaagana na mwenzetu kazini. Asubuhi pia nilipitia mazoezini kabla ya kwenda kupimwa.

Mpimaji

Basi umejijibu nusu. Nyama iliyopikwa huwa na kreatinini tayari, maana moto nao huigeuza kreatini, na kiwango chake kwenye damu hupanda kwa saa kadhaa baada ya kuila.

Daktari wa Zamu

Ninakubaliana na waliotangulia, ila sitaki mleta uzi aondoke na faraja ya bure. Kwa watu wenye figo nzima, tafiti za gramu 3 hadi 5 kwa siku hazijaonyesha madhara ya figo. Wewe, hata hivyo, hujathibitisha kwamba figo zako ni nzima. Acha unga kwa wiki nne hadi sita, kwa sababu misuli huchukua muda huo kurudi ilipokuwa, kisha rudia kipimo bila nyama usiku wa kuamkia siku hiyo wala mazoezi mazito siku mbili kabla. Pima na mkojo kuangalia protini, kwa kuwa protini inayovuja ni ushahidi ambao hautokani na kopo lako. Mahali penye kipimo cha sistatini C, protini nyingine ya damu inayochujwa na figo, kiombe. Chenyewe hakitegemei kreatini. Na kila unapopimwa, mwambie anayekupima kwamba unatumia unga huu.

Kilichonishtua zaidi katika maelezo yako ni baba. Kreatinini hutoka misulini, kwa hiyo mzee aliyekonda misuli huzalisha kidogo, na kiwango kinachoonekana cha kawaida kwake kinaweza kuficha figo zilizopungua uwezo. Ile 129 ya kijana mwenye kifua kipana, ningeikuta kwa mzee wa miaka 68 mwenye kisukari, nisingesubiri wiki nne. Ni kweli kwamba kwa wazee kreatini ikiambatana na mazoezi ya kunyanyua uzito huongeza misuli na nguvu kidogo. Bila mazoezi, manufaa ni haba mno. Lakini usimpe hata kijiko kabla hajapimwa damu na mkojo.

Mama Nuru

Daktari, samahani kwa kuingilia. Mama yangu ana Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaotetemesha viungo, na muuzaji mmoja ameniambia kwamba unga huu unalinda ubongo. Ni kweli?

Daktari wa Zamu

Dada, matumaini hayo yalikuwepo, na msingi wake ulikuwa wa maana, kwa sababu ubongo nao hutumia kreatini kuhifadhi nishati. Marekani na Kanada walilijaribu jambo hilo kwa wagonjwa 1,741 wa Parkinson, gramu 10 kwa siku kwa miaka kadhaa; jaribio likasitishwa mwaka 2013 kwa kuwa waliopewa kreatini hawakuwa na nafuu kuliko waliopewa unga usio na dawa. Kwa Huntington, ugonjwa mwingine wa ubongo unaorithiwa, majibu pia yalikuwa hayohayo. Mahali ambapo kreatini ni dawa hasa ni kwa watoto wachache wanaozaliwa bila uwezo wa kuitengeneza, wakachelewa kuongea na kupata degedege. Wakigunduliwa mapema, hupewa kreatini pamoja na matibabu mengine na hubadilika sana. Fedha za unga mnunulie mama dawa alizoandikiwa.

Kijana wa Kirumba

Wakuu, ninarudi baada ya wiki tano. Kreatinini yangu ni 96, uchujaji 92, na mkojo hauna protini. Baba tulimpima wiki ileile mliyonishauri: kreatinini 141, uchujaji 47, na protini ipo kwenye mkojo. Hajawahi kugusa kopo langu. Daktari wake amembadilishia dawa za presha, amemwagiza aache vidonge vya maumivu alivyokuwa akijinunulia kwa ajili ya miguu, na tutarudi kupima tena baada ya miezi mitatu. Unga amekatazwa. Jioni anafanya zoezi la kuinuka na kukaa kitini, mara kumi kwa awamu, nami namhesabia.

Kopo bado lina nusu. Sijaamua.