Tupeane uzoefu: mazoezi ya marathoni msimu wa joto, na nyumbani una familia

Miguu Mizito

Wakuu, habari zenu. Nipo wiki ya sita kati ya kumi na sita za kujiandaa na marathoni yangu ya kwanza, na joto ndiyo kwanza limeanza kuchachamaa. Nina watoto wawili, wa miaka saba na mitatu, na mke anayeamka kwenda kazini kama mimi.

Nilichokiona ni kwamba joto halinichoshi tu, linaninyang'anya saa. Miezi ya baridi nilikuwa natoka hata saa saba mchana, mapumziko ya kazini, napiga kilomita nane narudi. Sasa hivi kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni nje hapafai. Zimebaki saa za pembeni, alfajiri na jioni, na hizo ndizo saa ambazo nyumba inanitaka. Asubuhi kuna kuamsha watoto na kutafuta soksi ya pili. Jioni kuna kuogesha, kulisha, madaftari, kulaza. Kwa hiyo ugomvi wangu na jua umehamia kwa mke wangu, ambaye hana kosa lolote.

Jumapili iliyopita niliaga kwamba saa tatu nitakuwa nimerudi. Mdogo alisumbua usiku, nikachelewa kutoka, saa kumi na mbili na nusu ndiyo naanza. Ratiba inasema kilomita 24. Ya 17 nikaanza kutembea. Nimefika nyumbani saa nne na dakika ishirini, raba zimelowa jasho zinalia chwaka chwaka, nikalala chali kwenye sakafu ya jikoni maana ndiyo iliyokuwa na ubaridi. Mdogo akaja akanikalia tumboni. Mke wangu alikuwa anakwenda kuchukua kikombe cha mtoto, akaniruka kama mtu anavyoruka dimbwi, akachukua kikombe, akaniruka tena kurudi. Hakusema neno.

Waliopita njia hii mlifanyaje? Makala za kitaalamu nimesoma za kutosha, nataka yaliyowakuta nyinyi.

Nachelewa Nafika

Naweka kiti hapa. Mimi nilirukwa mwaka juzi, kwenye korido.

Babu Hatua Ndogo

Vijana, nina miaka 61, marathoni tisa, na sasa ninayemkimbia ni mjukuu. Kosa lako, mwanangu, ni kung'ang'ania kilomita. Msimu wa joto mimi napima muda tu. Kama siku ya ubaridi kilomita 24 zinanichukua saa mbili na nusu, basi siku ya joto nakimbia saa mbili na nusu, nilipofika ndipo hapo hapo, nageuka nyumbani nikiwa nimeshapangia njia ya kurudi.

Sababu yake si uvivu. Damu ni ile ile moja, misuli inaitaka ifanye kazi na ngozi inaitaka ikaupoze mwili. Moyo unavutwa huku na huku, unapiga kwa kasi zaidi kwa mwendo ule ule uliokuwa unauona mwepesi. Ukilazimisha mwendo wa miezi ya baridi, mazoezi mepesi yanageuka mashindano bila wewe kujua, na kesho yake ndiyo unajua.

Angalieni wakubwa. Marathoni ya Olimpiki ya Tokyo ilihamishiwa Sapporo, zaidi ya kilomita 800 kaskazini, kwa ajili ya kukwepa joto. Haikutosha. Agosti 2021, jioni ya kuamkia mbio za wanawake, wakatangaza zitaanza saa kumi na mbili asubuhi badala ya saa moja. Peres Jepchirchir wa Kenya alichukua dhahabu kwa 2:27:20. Miezi minane kabla ya hapo, kwenye marathoni ya Valencia, Hispania, alikimbia 2:17:16. Dakika kumi nzima! Yule ni bingwa na kulala analala. Wewe wa mtoto kukukalia tumboni unaona aibu kupunguza?

Halafu kuna faida ya nyumbani. Ukimwambia mkeo "saa mbili na nusu", anajua ni saa mbili na nusu. Ukimwambia "kilomita 24", hata wewe hujui zinaisha lini.

Miguu Mizito

Shikamoo mzee. Hapo kwenye aibu umenipata. Saa yangu ya mkononi kila kilomita inaniambia nimezembea.

Babu Hatua Ndogo

Marahaba. Izungushe, kioo kikae upande wa kiganja. Iache iongee na jasho.

Mke wa Mkimbiaji

Mimi sikimbii. Anayekimbia ni mume wangu, aliacha simu yake wazi mezani akaenda kuoga, nikaona niseme kwa niaba ya sisi tunaoruka.

Kaka Miguu Mizito, mkeo hakukuruka kwa sababu umelala jikoni. Alikuwa anapiga hesabu. Wewe unahesabu saa ulizokimbia, acha nikuhesabie za kwetu. Jumamosi jioni: "Leo nalala mapema, kesho nina mbio ndefu." Kuanzia hapo watoto ni wangu peke yangu. Saa kumi alfajiri kengele inalia, inaniamsha mimi, inamwamsha na mtoto. Yeye anatoka kwa kunyata kama mwizi mwenye huruma, mimi nabaki na mtoto macho makavu. Anarudi. Kujinyoosha nusu saa, kuoga, kula. Halafu anakaa kwenye kochi "dakika tano tu", anazinduka saa nane mchana anauliza mbona kimya. Kimya kwa sababu nimewatoa watoto wake nje wasimwamshe, kwenye lile lile jua ambalo yeye alilikimbia tangu alfajiri!

Saa tatu za mbio, nyumba inalipa saa kumi.

Tulichokubaliana ni kwamba mbio zake haziishi akizima saa, zinaisha akinipokea watoto. Akirudi anaoga, anakunywa maji yake, na kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita watoto ni wake. Mimi nalala, au natoka, na sisemi nakwenda wapi. Wiki ya kwanza alinuna. Wiki ya pili akaanza kukimbia taratibu zaidi ili abakize nguvu za kuwapokea. Mzee hapo juu amewapunguza mwendo kwa kuwaeleza habari za moyo na damu. Mimi wa kwangu nilimpunguza bila kufungua kitabu.

Lingine ni nguo. Fulana ya jasho haiingii kwenye kapu moja na nguo za watoto. Hilo halina mjadala.

Nachelewa Nafika

Dada, hii naipiga picha nampelekea wangu. Hapana, nafuta, atapata mawazo.

Jogoo wa Usiku

Kwangu alfajiri haiwezekani, mke wangu anatoka saa kumi na moja. Kwa hiyo nakimbia saa tatu na nusu usiku watoto wakiwa wamelala. Amani ipo, lakini nisiwadanganye kwamba usiku ni ubaridi. Lami imekunywa jua kutwa nzima, usiku inalitema. Na kukiwa na unyevu hewani ndiyo kabisa: jasho linachuruzika mpaka kwenye viatu na halikusaidii kitu, kwa sababu kinachopoza mwili ni jasho kukauka. Doha mwaka 2019, mashindano ya dunia ya riadha, marathoni ya wanawake waliianzisha karibu na saa sita kamili usiku kukwepa jua. Walianza 68, wakamaliza 40. Jua lilikuwa limezama zamani.

Kilichonisaidia ni kutoruka siku. Wiki mbili za mwanzo nilitoka karibu kila usiku, dakika 40 hadi saa moja, mwendo wa kupiga soga. Siku ya tatu nilitaka kuacha kabisa. Kufika kama ya kumi, kumi na mbili, mapigo yameshuka, jasho linaanza kutoka mapema, hata zile chumvi nyeupe kwenye kofia zimepungua. Mwili unazoea joto kweli, ila ukilala wiki mbili tatu nao unasahau.

Hasara yake ni usingizi. Narudi saa nne na nusu mwili umewaka, saa sita bado nahesabu dari. Na mtoto wangu wa kwanza huamka saa kumi na moja na nusu akiwa na maswali.

Muuguzi wa Zamu

Nimepita kimya kwenye nyuzi nyingi, hapa siwezi. Mimi ni muuguzi na nakimbia pia.

Kuna mwenzetu kwenye kundi letu alikosa asubuhi kwa sababu ya mtoto, akaamua kufidia saa tisa mchana. Tulikuwa watatu. Alianza kuwa mkali bila sababu, halafu akageuka akawa anakimbia kurudi tulikotoka, tukimwita anabisha kwamba ndiko nyumbani. Na jasho lilikuwa linamtoka! Watu wengi wanaamini ukiwa unatoka jasho uko salama. Si kweli. Mtu aliyekuwa anakimbia kwenye joto akichanganyikiwa, akaongea visivyoeleweka, akayumba au akaanguka, chukulia ni kiharusi cha joto. Mwili unaweza kuwa umepita nyuzi 40. Piga simu ya dharura, na hapo hapo anza kupoza. Kupoza kwanza, gari baadaye. Tulimvua fulana, tukamweka kivulini, tukamwagia maji ya bomba mfululizo, barafu ya duka la jirani ikaenda kwapani, shingoni na kwenye mapaja. Kama kuna beseni kubwa la maji baridi, mtumbukize, kichwa kishikwe juu ya maji. Alipona, ila kwa miezi kadhaa joto kidogo tu lilikuwa linamchosha.

Kwa hiyo tafadhalini: asubuhi ikishakupita, imepita. Usiifidie mchana.

Kosa langu mwenyewe lilikuwa kinyume. Niliogopa kukauka, nikawa nakunywa kila kona, maji matupu, kwa saa tatu na nusu za mwendo wa konokono. Nikarudi nina kichwa kinagonga, natapika, pete haivuki kwenye kifundo cha kidole. Nikapanda mizani: nimeongezeka karibu kilo moja. Nimekimbia marathoni ya kunywa maji! Chumvi ya mwili ilikuwa imezimuliwa, na hiyo nayo inaua. Tangu hapo nakunywa kwa kiu, mbio ndefu naweka chumvichumvi kwenye chupa moja, na napima uzito kabla na baada. Ukipungua kilo moja, ni kama lita moja imekutoka. Ukiongezeka, umezidisha. Kazi ya mizani nimewaachia watoto, wanagombania kusoma namba.

Mama Pacha

Mimi nakimbia nikisukuma kigari cha watoto, wana mwaka na miezi miwili. Wanaume hapa mnalalamika kuachiwa watoto, mimi nakwenda nao.

Siku moja jua lilichomoza kabla sijamaliza, nikafunika kigari kwa kitambaa chepesi ili wapate kivuli. Nikaendelea kama dakika kumi, najisifu. Nilipoingiza mkono kumgusa mmoja, ndani kulikuwa kama mdomo wa tanuri. Nywele zimelowa zimeshikana na kichwa, analia bila sauti ya kutosha. Niliwatoa wote wawili nikakaa nao chini ya mti mpaka mume wangu akatufuata. Kitambaa kinazuia jua na kinazuia hewa pia. Halafu mimi nakimbia najipepea kwa mwendo wangu, wao wamekaa tu.

Sasa kigari kinatoka kabla jua halijatoka, hakifunikwi, na hakizidi dakika 45. Mbio ndefu ni ya Jumamosi, baba yao akiwepo. Ikitokea hayupo, wiki hiyo haina mbio ndefu. Mwanzoni nililia, kweli nililia, kwa kilomita 26 ambazo sikukimbia.

Nachelewa Nafika

Mchango wangu baada ya utani. Mwaka ule wa korido, wiki ya kumi nilibadilisha, nikahamia nusu marathoni. Kilomita 21 nilizimaliza, watoto walikuwa kwenye utepe wa mwisho, na mmoja wao alikuwa amelala. Sijutii. Marathoni nilikimbia mwaka uliofuata, yenye maandalizi yanayoangukia miezi ya baridi. Tarehe ya mbio ni kitu cha kuchagua pia, wengi tunajiandikisha kwanza ndiyo tunafungua kalenda.

Na mafuta ya mgando, wakuu. Mapajani, kwapani, na kwenye chuchu. Jasho na fulana vitakuchuna kama samaki, na maji ya kuoga ndiyo yatakupa taarifa.

Miguu Mizito

Mrejesho, baada ya wiki tatu.

Nilimpa mke wangu simu asome. Alipofika kwa Mke wa Mkimbiaji alicheka mpaka akakohoa, kisha akaniuliza kama huyo dada namjua. Akasoma mara ya pili. Halafu akaniambia hesabu ya kwetu si kumi, ni kumi na moja, maana mimi huwa pia namwonyesha ramani ya njia niliyopita.

Sasa Jumanne na Alhamisi natoka usiku baada ya kulaza, si zaidi ya dakika 50. Jumapili natoka saa kumi kasoro dakika tano, muda ni saa mbili na nusu, kioo cha saa kimeangalia kiganja. Jumapili hii nilipata kilomita 20 tu na miguu ilikuwa bado yangu. Kengele nimeihamishia kwenye mtetemo, chini ya mto. Saa mbili hadi saa sita nina watoto. Wiki ya kwanza nilisinzia nikiwasomea hadithi, wakaniamsha kwa kalamu ya wino usoni.

Nilipofika saa kumi na mbili na nusu wote walikuwa wamelala isipokuwa mkubwa. Alikuwa amekaa mlangoni na mizani. Nilitoka na 78.2, nimerudi na 76.8. Akatoa kwa vidole, akapata moja nukta nne, akachukua penseli akaiandika ukutani, pembeni ya alama tunazopimia urefu wake, na tarehe chini yake.

Mama yake bado hajauona huo ukuta.