Mrejesho: Yule intani aliyeuliza kama kuna maisha nje ya wodi

Habari zenu wakuu. Mimi ndiye yule intani (daktari aliye kwenye mwaka wa mafunzo ya kazi hospitalini) wa Dar niliyeuliza mtu anaumalizaje mwaka huu bila kuichukia kazi, maana baada ya miaka mitano ya chuo nilibaki na njia mbili tu: ya wodini na ya kitandani. Wengi mlinijibu nisisubiri likizo ndipo nifurahie maisha, na mkanishauri niwe na daftari la kuandika ninachoshukuru.

Hilo daftari la shukrani halikunikaa. Ukitoka zamu ya usiku leba, hata kalamu ni nzito. Badala yake namshukuru mtu ana kwa ana kabla sijaondoka, kwa mfano nesi aliyenipatia mshipa wa mtoto nilipokwama. Siku hizi hata salamu za asubuhi zina uchangamfu.

Safari sasa, hapo ndipo penye utamu! Treni ya SGR, inayobeba abiria tangu 2024, inakufikisha Morogoro chini ya saa mbili. Ukipata Jumamosi isiyo na zamu unaondoka alfajiri, stesheni unachukua bodaboda, unapanda milima ya Uluguru kwa miguu hadi Morningside kwenye lile jumba la zamani la Wajerumani, jioni unarudi. Miguu inawaka moto, lakini nimeitaka mwenyewe.

Nikitoka zamu ya usiku siendi mbali: navuka na pantoni kwenda Kigamboni, nalala ufukweni.

Kubadilishana zamu kunawezekana, ila lipa deni la zamu mapema. Wenzangu sasa wanataka tupande Uluguru wakati wa masika. Aliyewahi atuambie, utelezi unavumilika?