Mrejesho: Gari la kumbebea mama akiwa kwenye kitimwendo

Ndugu zangu, niliwauliza kama gari la kumbebea mama akiwa ameketi kwenye kitimwendo chake liwe na lifti au ubao wa mteremko, na nawashukuru wote mlionijibu. Nimechukua Toyota Noah iliyotumika Japani, ya aina ya Welcab (jina la Toyota kwa magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya wenye ulemavu na wazee), yenye ubao unaokunjuliwa kutoka mlango wa nyuma.

Lifti inampunguzia msaidizi kazi, lakini hutegemea umeme na mitambo ambayo fundi wake hapa Dar es Salaam si rahisi kumpata, ilhali ubao hufunguliwa kwa mkono hata betri ikilala. Gari hujishusha kwa nyuma ili mteremko usiwe mkali, kisha mikanda yenye mota huvuta kiti polepole huku msaidizi akishika vishikio. Swichi zote zimeandikwa Kijapani, hivyo kijana wangu amebandika vipande vya plasta vyenye maneno SHUSHA na PANDISHA.

Ushauri ulionifaa kuliko wote ni wa yule aliyesema nimpime mama akiwa amekaa, kuanzia chini hadi utosini, kabla ya kulipia chochote, kwa sababu gari moja nililolipenda sana lilikuwa na mlango mfupi ambao ungemlazimu kuinama. Kasoro ya hili nililochukua ni sakafu ya nyuma kuwa chini; kwenye matuta ya mtaani kwetu naendesha taratibu mno, na wenye bodaboda hawanivumilii.