Kusolve pastpaper ni kuibia mtihani? Tupeane uzoefu

Wadau, salaam. Mdogo wangu yuko chuo mwaka wa pili, darasa lao limegawanyika. Mhadhiri karudisha maswali ya UE (mtihani wa mwisho wa muhula) ya zamani karibu yote, waliokuwa nayo wamepeta, wengine wanasubiri sup (mtihani wa marudio) na wanadai wenzao wameibia.

Msimamo wangu: pepa ikishafanyika siyo siri tena. NECTA (Baraza la Mitihani) wenyewe wanaweka mitihani ya nyuma kwenye tovuti yao, tena na uchambuzi wa swali kwa swali kuonyesha watahiniwa walikosea wapi. Ila chuo siyo NECTA. Yenu yalikuwaje?

Mdau wa Iringa: Shule yetu ya kata haikuwa na mwalimu wa fizikia. Tulikuwa na kopi ya pastpaper, kurasa za kati zimefifia hadi michoro unaibahatisha. Swali likigoma tunamsubiri kaka wa A-level arudi likizo. Leo mtu aniambie niliibia? Nilimwibia nani?

Mwalimu wa darasa la saba: Kinachoua ni kukariri. Pepa ya zamani ilitaka eneo la duara lenye kipenyo sm 14, jibu 154. Kwenye jaribio nikaandika nusukipenyo sm 14. Jibu ni 616, lakini 154 zilijaa hadi nikacheka peke yangu ofisini. Kuna mmoja hata kanuni hakuandika, kaweka 154 na kuipigia mstari mara mbili.

Mdau wa jioni: Sisi tuliokuwa tunatoka kazini tunakimbilia darasani tuliumia sana. Madesa (nakala za kusomea) yalikuwa kwa CR (kiongozi wa darasa) na washikaji zake, sisi tunayasikia tukishatoka kwenye pepa. Hawakuvunja sheria yoyote, nakubali. Lakini mhadhiri anayerudia maswali hadi nukta ndiye wa kulaumiwa.

Mdau wa Mwanza: Kwetu jamaa alileta "pastpaper" ina tarehe ya kesho yake 😂 Hiyo mtaiitaje?

Mwalimu wa darasa la saba: Hiyo imevuja. Kimbia.

Mwanzisha uzi: @Mdau wa jioni, umegusa penyewe. Dogo kasoma hapa, wanaandika barua kwa mkuu wa idara pepa zote za nyuma ziwekwe maktaba. Kuna aliyesoma chuo chenye utaratibu huo? Wahadhiri waliacha kurudia maswali, au waliendelea vilevile?