Jon Jones na mikanda aliyonyang'anywa, mnaonaje?

Wadau, huyu mpiganaji alibeba mkanda wa ubingwa wa UFC (ligi kubwa ya mapigano ya MMA) 2011 akiwa na miaka 23 tu, bingwa mdogo kuliko wote, sasa mbona kila akipanda anajiharibia mwenyewe? Umaarufu ndo ulimlevya au?

— Mkuu, 2015 aligonga magari pale Albuquerque akakimbia, na kuna mama mjamzito alivunjika mkono! UFC wakamvua mkanda, walifanya sawa kabisa.

— Na 2017 kampiga mpinzani wake Daniel Cormier teke la kichwa, kamaliza pambano, baadae vipimo vikaonyesha turinabol (dawa ya kuongeza misuli iliyokatazwa michezoni), ushindi ukafutwa. Inauma sana coz lile teke lilikuwa safi.

— Ila pambano lake na Matt Hamill 2009 mi naona Jones alionewa, katolewa na refa kwa kupiga kiwiko cha kushuka wima kilichokuwa marufuku, na sheria yenyewe ilishaondolewa 2024.