Naombeni ushauri, naenda Ugiriki nataka muziki wao wa asili

Wakuu habari zenu, mwezi wa 8 naenda Athens halafu kisiwa cha Krete, na sitaki ule muziki wa bouzouki (kama gitaa lao) wa kupigiwa watalii huku wanakula. Nasikia tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria, vijiji vingi wanafanya panigiri, yaani sherehe ya kijiji, watu wanacheza mpaka alfajiri, na Krete wana lyra yao ya nyuzi 3 inawekwa gotini inapigwa na uta kama fidla, mwenzenu nimekulia kwenye taarab Tanga nikiisikia hiyo lyra tu mwili unasisimka. Sasa kwenye panigiri mgeni unaingia tu au mpaka ualikwe? Na wakicheza kwa duara, unajishika wapi jamani, nisije nikawaharibia ngoma yao. Na usiku kurudi mjini inakuaje, basi zipo au nikodi gari?