Cheti cha Kiingereza cha juu kisichoisha muda: C1, C2 au IELTS?

MtuWaTudor
Assalaam aleikum wanajukwaa. Nataka cheti cha kuthibitisha Kiingereza cha ngazi ya juu. Kila ninayemuuliza hapa Mombasa ananitajia IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, lakini nasikia baada ya miaka 2 haikubaliwi tena. Kuna cha kudumu? Na kati ya C1 na C2, zile ngazi mbili za juu kabisa, nijisajili mtihani upi? Kuzungumza si tatizo, hofu yangu ni sarufi.

Bi_Kizingo
Waaleikum salaam. Muulize kwanza anayekitaka hicho cheti, ndipo utoe pesa. Chuo kikiandika IELTS, kipelekee IELTS, tena uangalie ni Academic (ya masomo) au General Training (ya kazi na uhamiaji). Matokeo ya IELTS na mwenzake TOEFL ni ya miaka 2, kweli. Vya Cambridge, yaani C1 Advanced na C2 Proficiency, havina tarehe ya kuisha, ingawa wapo wanaotaka cha karibuni.

Kwenye C1, pasi ni pointi 180. Ukifika 200, cheti chenyewe kinaeleza kuwa umeonyesha uwezo wa C2. Ukipata 160 hadi 179, hutoki mikono mitupu, unapewa cha B2, ngazi iliyo chini ya C1. C2 Proficiency pasi yake ni 200, na wa 180 hadi 199 hupewa cha C1. Kwa hiyo mwenye wasiwasi na sarufi aingie C1. Kukimbilia C2 kwa ajili ya jina tu, mimi naona ni kujitesa.

FundiInsha
Kwenye C1, sarufi inakubana kwenye karatasi ya Reading and Use of English (kusoma na matumizi ya lugha): dakika 90, sehemu 8, maswali 56. Sehemu ya 4 ndiyo kiboko. Unapewa sentensi na neno moja, ujaze pengo la sentensi ya pili kwa maneno 3 hadi 6, likiwemo neno hilo bila kuligeuza, maana ibaki ileile. Kwa mfano:

"They cancelled the match because it rained heavily."
Neno: CALLED
"The match ............ the heavy rain."

Jibu: "was called off because of". Swali lina alama 2, moja ya "was called off", moja ya "because of". Ukisahau "of" unabaki na 1. Ukiandika "call" umeliharibu neno ulilopewa, na alama yake imekwenda. Jihadhari pia na vifupisho: "didn't" ni maneno mawili.

Halafu Kiswahili chetu kinatuponza. Hatuna "a" wala "the", na "yeye" ni mume, ni mke. Ukimaliza insha ipitie ukitafuta "the" peke yake, kisha urudi tena kwa "he" na "she". Ukiwinda makosa yote kwa mpigo, macho yanateleza.

MtuWaTudor
Shukran sana. Hizo insha ni ndefu kiasi gani? Mimi nikishika kalamu siachi.

NahodhaWaLikoni
Basi hapo ndipo utakapoumia. C1 ni maandishi 2 kwa dakika 90, kila moja maneno 220 hadi 260. La kwanza ni lazima, insha ya hoja: unapewa mambo 3, unajadili 2. Watu hujadili yote 3, kila moja likabaki juujuu. La pili unachagua aina, kama vile ripoti, pendekezo au uhakiki. Ripoti isiyo na vichwa vidogo husomeka kama barua.

Ukiishia IELTS, dakika 60 zigawe 20 kwa kazi ya kwanza (maneno 150) na 40 kwa ya pili (maneno 250), kwa sababu ya pili ina uzito mara mbili. Na kule kusikiliza ni mara moja tu. Cambridge wanakurudishia mara ya pili.

Jina nalo, ndugu yangu. Lisajili herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti utakayoibeba siku ya mtihani. Huku Pwani mtu ni Mohamed kwenye kitambulisho na Muhammad kwenye cheti cha shule. Uliza pia siku ya mtihani wa kuzungumza, huenda isiwe ile ya karatasi. Na kama unatoka ng'ambo ya Likoni, usitegemee feri ya dakika ya mwisho, kwani aliyechelewa anaweza kufungiwa mlango.